Kisiwa kidogo na mzigo wa mafuta ya kuagiza: tuhesabu lita, megawati baadaye

MWANZISHA UZI

Wakuu salaam.

Naomba tulizungumze hili taratibu maana linaniuma kwa kweli. Kila mjadala wa nishati kwenye nchi ndogo ya kisiwa unaishia palepale, mtu anataja megawati za sola zilizofungwa, utepe unakatwa, na mwaka unaofuata meli ya mafuta inatia nanga vilevile na fedha za kigeni zinaondoka vilevile. Mi naona tunakosea kwenye kipimo. Tunahesabu megawati wakati kinachotukamua ni lita. Swali liwe moja tu, mwaka huu kisiwa kimeepuka kununua lita ngapi? Ukilishika hilo swali utaona vitu tulivyozoea kuviweka mwisho vinakuja mbele, na vingine tunavyovipigia debe vinarudi nyuma kidogo.

Kisiwa kina shida ambazo bara hawana. Hakuna jirani wa kumkopa umeme saa moja usiku. Mzigo wa mafuta unakuja mdogo mdogo kwenye meli ndogo, kwa hiyo gharama ya kusafirisha kila lita ni kubwa kuliko ya nchi inayopokea meli kubwa. Bei inapangwa na watu wengine kwa dola. Ilipaa ghafla 1973, ikapaa tena 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, na nchi ambayo kipato chake ni utalii na samaki haina namna zaidi ya kulipa kwanza halafu kuangalia kama kuna kilichobaki kwa ajili ya dawa na shule.

Sasa mafuta yanaenda wapi? Wengi mkisikia mafuta kisiwani mnawaza jenereta. Ni sawa, dizeli na mafuta mazito ndo yanabeba umeme wa visiwa vingi na sababu zake zinaeleweka, jenereta unaongeza moja moja kadiri mahitaji yanavyokua, mafundi wapo, spea zinapatikana, na mafuta yanakaa kwenye tenki hadi utakapoyahitaji. Lakini kuna magari, kuna boti za uvuvi, vivuko, ndege, gesi ya kupikia. Angalieni Iceland. Umeme wao karibu wote ni wa maporomoko ya maji na jotoardhi, na nyumba kama tisa kati ya kumi zinapashwa joto na jotoardhi, kazi waliyoikazania hasa baada ya ule mshtuko wa 1973. Pamoja na yote hayo mpaka leo wanaagiza mafuta kwa ajili ya magari, meli za uvuvi na ndege. Kwa hiyo kiongozi akisema "asilimia mia nishati safi" muulizeni, asilimia mia ya umeme au ya mafuta yote yanayoshuka bandarini?

Nirudi kwenye umeme maana hapo ndo megawati na lita zinaachana njia, na naomba mnivumilie kidogo nieleze mashine inavyofanya kazi.

Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu yuniti 10 (yuniti ni kilowati-saa, zilezile za kwenye mita). Jenereta nzuri ikibebeshwa mzigo unaoifaa inakupa yuniti kama 3.5 hadi 4 za umeme, zilizobaki zinatoka kwa ekzosi na radieta kama joto. Jenereta hiyohiyo ukiiachia mzigo mdogo, tuseme robo ya uwezo wake, kila yuniti inakula mafuta zaidi, na kibaya zaidi injini haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi na utomvu vinajaa ndani. Ndo maana watu wa mitambo hawapendi ishuke chini ya asilimia 30 hivi kwa muda mrefu. Sasa saa sita mchana jua kali, sola inamwaga umeme, mzigo wa jenereta unashuka. Unatamani uzime moja. Huwezi, kwa sababu wingu likipita juu ya shamba la sola uzalishaji unaanguka ndani ya dakika, na jenereta iliyozimwa inahitaji muda iwake, ilingane na gridi, ndo ibebe mzigo. Ukiizima na wingu likaja, kisiwa kizima giza. Kwa hiyo opareta anaacha mashine mbili zinazunguka kwa mzigo nusu nusu, moja kazi yake ni kusubiri tu. Umefunga sola, ndiyo, lita zimepungua kidogo, lakini si kwa kiasi ulichoahidiwa. Na ukiongeza paneli zingine juu ya hapo inabidi uanze kuzizuia zisizalishe maana jenereta imegonga sakafu yake.

Kwa hiyo betri, wakuu, kazi yake ya kwanza kisiwani si kutunza umeme wa usiku. Ni kumpa opareta ujasiri wa kuzima ile mashine inayosubiri. Betri ya dakika 20 au 30, yenye inveta inayoweza kutengeneza volti na mawimbi yenyewe badala ya kufuata ya jenereta, inashika gridi wingu linapopita na kukupa muda wa kuwasha mashine kama hali ikiendelea. King Island kule kati ya Tasmania na bara la Australia wamefanya hivyo kwa upepo, sola, betri na gurudumu zito linalozunguka kushikilia mawimbi, na zaidi ya miaka kumi sasa kuna saa ambazo kisiwa chote kinakwenda bila jenereta hata moja kuwaka. Mradi wa namna hiyo haupendezi kwenye picha. Ni makontena yamepangwa nyuma ya kituo cha umeme. Ila lita zinashuka kweli.

Naendelea chini, karibuni mchangie.

MCHANGIAJI

Mkuu uzi mzuri, lakini naona unaikatisha tamaa sola. Mbona Tokelau kule Pasifiki walifunga sola 2012 kwenye atoli zote tatu (visiwa vya matumbawe) na wakaacha dizeli karibu yote? Na Ta'u kule Samoa ya Marekani? Kama wao wameweza kwa sola na betri tu kwa nini nchi zingine zisubiri?

MWANZISHA UZI

Siikatishi tamaa mkuu, naitaka sola sana, nataka ifanye kazi iliyonunuliwa kuifanya. Mifano yako ni mizuri na mi naipenda. Ta'u 2016 walipata sola ya megawati 1.4 na betri za megawati-saa 6, betri zilizokusudiwa kuhimili siku tatu bila jua. Hesabu iliyotolewa wakati ule ilikuwa kuokoa zaidi ya galoni 109,000 za dizeli kwa mwaka, yaani lita laki nne na ushee. Unaona hapo kipimo walichotumia? Lita. Ila angalia na ukubwa, ni kisiwa cha watu mia kadhaa, hakina mahoteli yanayowasha viyoyozi usiku kucha wala kiwanda cha samaki. Tokelau nzima ni watu kama 1,500. Mahali padogo hivyo kujaza betri ya siku tatu kunawezekana, hasa fedha ikitoka nje kwa masharti nafuu.

Ukienda kwenye nchi yenye watu laki kadhaa hesabu inageuka. Nusu ya kwanza ya lita unaipata kwa gharama ya kuvumilika kabisa. Kadiri unavyokaribia mwisho kila lita inakuwa ghali kuliko iliyotangulia, kwa sababu unajenga vitu vikubwa kwa ajili ya wiki chache za mwaka ambazo upepo umelala na mawingu yamekaa. Mfano mzuri ni El Hierro, kimojawapo cha visiwa vya Kanari vya Hispania. Wana mitambo 5 ya upepo yenye megawati 11.5, wakati upepo umezidi wanapandisha maji kwenye bwawa lililo ndani ya kreta ya volkano, upepo ukipungua maji yanashuka kwenye turbaini. Ilizinduliwa 2014. Kiangazi cha 2019 walikaa siku 24 mfululizo bila dizeli, heshima kubwa sana hiyo. Lakini ukichukua mwaka mzima ni kama nusu tu ya umeme, kwa sababu bwawa halitoshi kubeba majuma ya upepo hafifu na jenereta bado zinahitajika. Mi sioni kama wameshindwa. Nusu ya dizeli ya kisiwa ni lita nyingi mno. Ninachopinga ni kuahidi watu sifuri halafu nusu ikionekana aibu.

MCHANGIAJI

Na kebo ya chini ya bahari? Si rahisi tu kuvuta umeme kutoka bara na kumaliza kazi?

MWANZISHA UZI

Kama bara liko karibu na kina cha bahari kinaruhusu, ifikiriwe. Malta walivuta kebo ya megawati 200 kutoka Sicily, ikaanza kazi 2015, imewasaidia sana kuachana na mafuta mazito. Desemba 2019 nanga ya meli ikaiumiza na nchi nzima ikaingia gizani, matengenezo yakachukua miezi. Walichonusurika nacho ni kwamba walikuwa bado na mitambo yao nyumbani. Kwa hiyo kebo ni sawa ila usibomoe ulichonacho, na usisahau kwamba visiwa vingi vya Pasifiki na Bahari ya Hindi vimezungukwa na kina cha maelfu ya mita na bara liko mbali mno, kwao huo mjadala haupo.

MCHANGIAJI

Mi nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha jenereta kisiwani, sitataja wapi. Naunga mkono hoja ya mleta uzi na nataka niongezee upande ambao mainjinia wa miradi hawauongelei.

Kabla hujanunua hata paneli moja angalia orodha ya mashine ulizonazo. Visiwa vingi vinapewa au kununua jenereta kubwa zenye ukubwa sawa, mbili au tatu, kwa sababu tenda ilikuwa hivyo. Usiku wa manane mzigo wa kisiwa unashuka sana, na ile mashine kubwa inazunguka kwa mzigo wa kitoto mpaka asubuhi, kila siku, mwaka mzima. Ukiwa na mashine moja ndogo ya usiku umeshaokoa mafuta bila teknolojia yoyote mpya. Pili nozeli na pampu za mafuta zikichoka, chujio la hewa likiziba, turbo ikichafuka, mashine inaongeza ulaji polepole na hakuna anayeona kwa sababu hakuna anayelinganisha yuniti zilizotoka na lita zilizoingia kwa kila mashine. Wanajumlisha tu mwisho wa mwezi. Sisi tulipoanza kuandika kwa kila mashine peke yake ndo ikajulikana ipi mlafi. Tatu bajeti ya spea inakatwa kwanza kila fedha zikibana, halafu hela hiyohiyo inaenda kwenye mafuta mara mbili yake. Inasikitisha sana kukaa pale unaona.

Na jambo la chumvi jamani. Vifaa vya sola vinavyokuja visiwani vingi vimetengenezwa kwa mazingira ya bara. Bolti za chuma cha kawaida zinaliwa na kutu, feni ya inveta inavuta hewa ya bahari ndani, bodi zinaoza. Ukiona paneli zimelala haziwaki muulize fundi, mara nyingi paneli ni nzima kabisa, ni inveta iliyokufa na spea iko bara jingine.

MWANZISHA UZI

Mkuu asante, hii ndo michango ninayoitaka, watu waliokaa na mashine. Hilo la kuandika lita na yuniti kwa kila mashine ningependa liwe sheria ya nchi, siyo hiari ya msimamizi wa zamu.

Sasa niingie kwenye upande wa matumizi, ambao kwangu ndo wenye utajiri mkubwa na ndo unaodharauliwa kuliko yote.

Maji ya moto. Hita ya umeme ya kuogea ni dizeli inayochemsha maji kwa kupitia mlolongo mrefu wa hasara: sehemu kubwa inapotea kwenye injini, nyingine kidogo kwenye nyaya, kilichobaki kinapasha maji ambayo jua lingeyapasha bure juu ya paa. Barbados waliliona hili mapema, kuanzia 1974 wakaweka nafuu za kodi kwa hita za maji za jua, viwanda vya ndani vikazaliwa, na leo kuna makumi ya maelfu ya hizo hita juu ya mapaa yao. Cyprus nao ukiangalia mapaa ya nyumba zao ni matenki na vioo vya jua kila mahali. Hakuna gridi ya kisasa hapo, hakuna betri, ni bomba, kioo na tenki. Na mnunuzi ni mwenye nyumba, serikali kazi yake ilikuwa kuondoa kodi na kulinda ubora.

Ubaridi. Kwenye kisiwa cha kitropiki viyoyozi, majokofu na friza za samaki ndo vinabeba sehemu kubwa ya mzigo, na uzuri wake ni kwamba ubaridi unaweza kutunzwa. Hoteli au chumba baridi cha samaki kikigandisha barafu mchana jua likiwa kali na kuitumia jioni, hiyo ni betri ya bei nafuu isiyochakaa kwa miaka minane. Jengo lenye kivuli, paa jeupe, madirisha yanayopitisha upepo, hayo nayo ni lita. Na viwango vya vifaa, nchi ndogo inaweza kukataa kuingiza viyoyozi na friji vinavyokula umeme ovyo, maana vyote vinapita bandari moja au mbili, ni rahisi kudhibiti kuliko nchi yenye mipaka mirefu. Tusipofanya hivyo visiwa vinageuka mahali pa kumalizia mitumba iliyokataliwa kwingine.

Maji ya kunywa. Visiwa vikavu vinachuja maji ya bahari, na kila mita ya ujazo inakula yuniti 3 hadi 4 hivi. Mtambo wa maji una tenki, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuendesha saa mbili usiku mzigo ukiwa kilele. Uendeshe mchana ule muda ambao sola inazuiwa isizalishe. Hili linahitaji simu moja kati ya mamlaka ya maji na watu wa umeme na makubaliano ya bei, basi, lakini kwa sababu ni taasisi mbili tofauti linaweza kukaa mezani miaka.

MCHANGIAJI

Na usafiri mkuu? Umesema mwenyewe mafuta siyo umeme tu. Watu wanasema magari ya umeme kwenye kisiwa cha dizeli ni kazi bure, unahamisha moshi tu kutoka kwa gari kwenda kituoni.

MWANZISHA UZI

Tuipige hesabu. Chukua lita moja ya dizeli kituoni, inatoa yuniti 3.7 hivi, toa upotevu wa nyaya na wa kuchaji, gari linapata kama yuniti 3. Gari dogo la umeme linakwenda kilomita moja kwa yuniti 0.16 au zaidi kidogo, kwa hiyo umepata karibu kilomita 18. Gari la petroli linalokula lita 7 kwa kilomita 100 linakwenda 14 kwa lita. Kwa hiyo hata kwa dizeli tupu umepata kidogo, siyo kingi. Faida kubwa iko kwenye muda wa kuchaji. Likichajiwa saa sita mchana kwa sola ambayo ilikuwa inazuiwa, lita iliyotumika ni sifuri. Likichajiwa saa moja jioni kila mtu akirudi nyumbani, umemlazimisha opareta awashe mashine nyingine. Gari ni lilelile. Kwa hiyo chaja ziwekwe kazini, shuleni, sokoni, mahali magari yanapolala mchana, na bei ya mchana iwe chini. Umbali kisiwani ni mfupi, ile hofu ya betri kuisha njiani haina nguvu. Na muanze na magari yanayozunguka kutwa, mabasi, teksi, pikipiki, maana hayo ndo yanameza lita. Barbados wameshaingiza mabasi ya umeme tangu 2020.

Baharini ndo pananiumiza zaidi kwa sababu hatuna sera hata moja ya maana huko. Nguvu inayohitajika kusukuma chombo inapanda karibu kama mwendo mara mwendo mara mwendo, kwa lugha rahisi kivuko kikipunguza mwendo kwa asilimia 10 kinaokoa karibu asilimia 19 ya mafuta kwa safari ileile, ukiacha mzigo wa taa na viyoyozi vya ndani. Safari ya saa mbili inaongezeka dakika 13. Hakuna paneli, hakuna mkopo, ni ratiba tu na kusafisha mwani na konokono wa bahari chini ya meli. Boti za wavuvi nazo, zile mashine za zamani za kuchanganya oili na petroli zinatema hadi robo ya mafuta bila kuungua, unaiona inaelea juu ya maji rangi rangi. Mpango wa kumbadilishia mvuvi mashine kwa mkopo anaoulipa kutokana na petroli anayookoa ni mpango wa heshima, unamgusa mtu wa chini moja kwa moja. Na tanga halijafa, Visiwa vya Marshall mwaka 2024 wamepokea meli ya mizigo yenye tanga kwa ajili ya kuhudumia atoli zao.

Ndege nakubali, hapo kwa sasa hakuna njia ya haraka.

MCHANGIAJI

Vipi kuhusu kubadilisha mafuta yenyewe? Gesi, mafuta ya nazi, miwa?

MWANZISHA UZI

Miwa inafanya kazi kwa anayelima miwa tayari. Mauritius viwanda vya sukari vinachoma makapi ya miwa na kuuza umeme kwenye gridi kwa miongo mingi sasa, sehemu yake katika umeme wa nchi ni ya kuheshimika. Ila mitambo mingi hiyohiyo msimu wa miwa ukiisha inachoma makaa ya mawe yaliyoagizwa, kwa hiyo utegemezi haukuondoka, ulibadilisha sura. Gesi ya kimiminika nayo hivyohivyo, Jamaica wameingia huko tangu 2016, hewa imekuwa safi kuliko mafuta mazito lakini bado unasubiri meli na bado unafunga mkataba mrefu. Mafuta ya nazi Vanuatu wamechanganya kwenye jenereta zao za dizeli na injini inakubali ukiyachuja na kuyapasha vizuri, yanafaa kwenye kisiwa cha mbali chenye minazi mingi na mnunuzi wa kopra haji. Jotoardhi kwa visiwa vya volkano ndo ningeiwekea nguvu kubwa maana inatoa usiku na mchana, kituo cha Bouillante kule Guadeloupe, Karibi, kinafanya kazi tangu miaka ya 1980. Shida ni kuchimba, kisima kimoja ni hela nyingi na kinaweza kutoka kikavu, nchi ndogo haiwezi kubeba hatari hiyo peke yake.

MCHANGIAJI

Mnazungumza mashine tu. Ukweli ni kwamba kuna watu wanataka mafuta yaendelee kuja. Shirika la umeme likinunua dizeli ghali linaongeza tu kwenye bili ya mteja, halipotezi kitu. Na serikali inakusanya ushuru kwenye kila lita. Nani ataua kuku wake?

MWANZISHA UZI

Umefika kwenye kiini. Hilo la kwanza ni kweli mahali pengi, kuna kipengele kwenye bei ya umeme kinachopitisha gharama ya mafuta moja kwa moja kwa mteja. Kwa hiyo meneja akipoteza mafuta kwa uzembe analipa mama mwenye friji moja. Dawa yake ni mdhibiti kuweka kiwango cha lita kwa kila yuniti, ukikizidi hasara ni yako, ukikishinda unabaki na sehemu ya faida. Kiwango kikazwe kila mwaka. Ukifanya hivyo utashangaa jinsi ile mashine ndogo ya usiku aliyoisema fundi hapo juu itakavyopatikana haraka.

La ushuru ni gumu na wanaolikwepa hawawatendei haki watu wa hazina. Lita zikipungua mapato ya ushuru yanapungua, wakati nchi kwa ujumla inaokoa fedha za kigeni nyingi kuliko hizo. Inabidi kodi ihamishwe mapema, kwenye leseni ya gari kwa uzito, kwenye kilomita, kwenye vifaa vinavyokula umeme, kabla mapato hayajashuka. Ukisubiri hazina ibanwe ndipo watageuka na kutoza kodi paneli, na ukitoza paneli umeua kila kitu nilichoandika hapa.

Na umiliki una nguvu. Kauai kule Hawaii wateja wenyewe walinunua shirika la umeme mwaka 2002 likawa ushirika, na kwa kuwa mteja ndo mwenye shirika hakukuwa na mtu wa kufurahia bili ya dizeli. Wameshaendesha kisiwa kwa saa kadhaa mchana bila mafuta kabisa na zaidi ya nusu ya umeme wa mwaka sasa si wa mafuta. Samsø ya Denmark ilishinda shindano la kuwa kisiwa cha nishati jadidifu mwaka 1997, wakulima na wakazi wakanunua hisa kwenye mitambo ya upepo, ile kelele ya kuipinga mitambo haikupata nafasi. Wao wana kebo ya kwenda bara inayowapokea umeme wa ziada, msisahau hilo mnapowanukuu.

MCHANGIAJI

Na vimbunga? Dominica 2017 Maria ilipiga kisiwa chote. Unajenga yote hayo, upepo unakuja usiku mmoja.

MWANZISHA UZI

Ni hofu halali na majibu yapo, sehemu kubwa ni ya kifundi tu. Paneli nyingi zinazong'oka kwenye kimbunga hushikwa kwa vibano vya juu, kimoja kikilegea paneli inaondoka na kulegeza ya jirani, mstari mzima unafuata. Paneli iliyopigwa bolti kupita kwenye fremu, bolti ya chuma kisichoshika kutu, nati isiyolegea, inabaki. Ongezeko la gharama ni dogo ukilinganisha na kununua upya. Nyaya za njia kuu za mjini na hospitali zizikwe. Na gridi igawanywe vipande vinavyoweza kujitegemea, hospitali na pampu za maji na mnara wa simu viwe na sola na betri zao zinazojitenga zenyewe gridi ikianguka, kwa sababu baada ya kimbunga bandari yenyewe inafungwa na meli ya dizeli haiingii, hapo jenereta kubwa yenye tenki tupu haimsaidii mtu.

MCHANGIAJI

Mkuu mi ni mwananchi wa kawaida, siyo injinia. Nikitaka kumbana mbunge wangu nianzie wapi?

MWANZISHA UZI

Omba vitu vichache kwa maandishi. Lita zilizoingia nchini mwaka jana zikiwa zimegawanywa, ngapi umeme, ngapi barabarani, ngapi baharini, ngapi ndege. Lita kwa kila yuniti kwa kila jenereta, mwezi kwa mwezi. Yuniti ngapi zimetoka kituoni na ngapi zimelipiwa, maana tofauti ya hapo ni upotevu na wizi na mita mbovu. Sola iliyozuiwa isizalishe ni yuniti ngapi na saa ngapi za siku. Na nakala ya mkataba wa ununuzi wa mafuta na wa kampuni yoyote inayouza umeme, uangalie kama kuna kipengele cha kulipia kiasi fulani hata usipokitumia, maana kipengele hicho kinaweza kuifunga nchi kwa miaka 20 na kufanya kila paneli mpya ionekane hasara. Wakikujibu hesabu ya lita haipo imegawanywa hivyo, ombeni iwekwe kwenye bajeti ijayo, mita za mafuta kwenye kila mashine si ghali na fundi wa hapohapo kisiwani anaweza kuzifunga.